Lori la jeshi likigeuzwa tipa: bei ndogo, hesabu kubwa

Majeshi ya nchi tajiri huuza kwa mnada malori ambayo hayayahitaji tena, na baadhi ya wanunuzi huyageuza kuwa matipa ya kubebea mchanga, kokoto na kifusi. Kazi hiyo inawezekana, na imefanywa kwa miaka mingi. Lakini ugumu wake hauko pale ambapo wengi huutafuta.

Katika viwanja vya mnada vya Uingereza na Marekani si ajabu kuona safu za malori yenye rangi ya kijani au ya mchanga, matairi yake ni makubwa, sakafu zake zimeinuka juu ya ardhi, na mita zake zinaonyesha maili chache mno kwa umri wa magari yenyewe. Hayo ni malori yaliyomaliza utumishi wake jeshini. Miongoni mwa wanaokuja kuyakagua wamo wakulima, wenye machimbo madogo ya mawe, wakandarasi wa barabara za vijijini, na pia watu wenye asili ya Afrika wanaotafuta gari la kupeleka nyumbani.

Hoja ya mnunuzi huwa nyepesi. Lori hilo limeundwa kwa chuma kinene, magurudumu yake yote yanavuta, linapita kwenye matope na mito, na huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya tipa jipya. Kwa mtazamo huo, kinachokosekana ni jeki ya kuinua bodi, na jeki hupatikana kwa fundi.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Tipa si lori lililoongezewa jeki. Ni gari ambalo mzigo wake ni mzito kuliko unavyoonekana kwa macho, ambalo fremu yake hubebeshwa mzigo huo kwa namna nyingine kila bodi inapoinuka, na ambalo ni lazima lisimame kwa breki zake likiwa limejaa. Uzito, fremu na breki ndivyo vinavyoamua iwapo fedha za mnunuzi zimetumika vizuri, na iwapo watu wanaofanya kazi karibu na gari hilo watarudi makwao salama.

Biashara ya zaidi ya miaka mia moja

Kuyageuza magari ya vita kuwa ya kazi za amani si jambo geni. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilianza kujenga karakana kubwa huko Slough, magharibi mwa London, kwa ajili ya kukarabati magari yaliyoharibika katika medani za Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilikwisha kabla karakana haijakamilika. Mwaka 1920 eneo hilo, pamoja na maelfu ya magari, liliuzwa kwa wawekezaji binafsi kwa zaidi ya pauni milioni saba. Wawekezaji hao waliyakarabati magari hayo na kuyauza kwa raia, hadi kufikia katikati ya miaka ya 1920 yalipokuwa yamekwisha. Eneo lenyewe likabaki kuwa mtaa wa viwanda unaojulikana hadi leo.

Wakati huohuo kampuni ya Leyland, iliyokuwa imelitengenezea jeshi la anga la Uingereza maelfu ya malori, ilichukua uamuzi uliowashangaza wengi. Ilinunua tena takriban malori 3,000 kati ya hayo na kuyatengeneza upya huko Kingston, kando ya mto Thames. Sababu yake ilikuwa ni kuilinda heshima ya jina lake. Wakuu wa kampuni hiyo waliogopa kwamba malori hayo yangenunuliwa kwa bei ya chini na watu ambao wangeyakarabati ovyo, na kila moja ambalo lingekwama barabarani lingehesabiwa kuwa ni lori baya la Leyland. Uamuzi huo uliielemea kampuni kifedha, lakini ulionyesha jambo ambalo mtengenezaji alilifahamu kuliko mnunuzi: gari lililotoka vitani haliko tayari kwa kazi nyingine mpaka lifunguliwe na kukaguliwa kipande kwa kipande.

Nchini Marekani nako serikali kuu iligawa maelfu ya malori ya vita hivyo kwa majimbo ili yatumike kujenga barabara. Malori yaliyokuwa yakibeba risasi na vyakula vya askari yakaanza kubeba mawe na udongo.

Afrika Mashariki ilipata funzo lake katika jambo hili baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga huko Tanganyika, na kituo chake cha kwanza kikawa Kongwa. Matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi baada ya vita, hivyo mpango ulitegemea mitambo iliyotumika, ikiwemo iliyonunuliwa kutoka katika maghala ya jeshi la Marekani nchini Ufilipino. Mingi ilifika ikiwa imechoka, na iliharibika mapema katika kazi ya kung'oa vichaka na visiki katika ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama saruji. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilifikia hata kuvigeuza vifaru vya aina ya Sherman kuwa matrekta, yaliyopewa jina la Shervick. Hayo nayo hayakuuokoa mpango huo. Ulipoachwa mwaka 1951, walipa kodi wa Uingereza walikuwa wamepoteza kiasi cha pauni milioni 36.

Mpango wa karanga ulishindwa kwa sababu nyingi, zikiwemo mvua chache na udongo usiofaa. Lakini mitambo yake iliacha somo kwa kila anayenunua mali ya jeshi: nguvu ya chombo hupimwa kwa kazi kilichoundiwa, na kazi mpya huhitaji hesabu mpya.

Mzigo usioonekana kwa macho

Mfano mzuri wa hesabu hiyo ni lori la Marekani liitwalo M35, lililobuniwa na kampuni ya REO mwanzoni mwa miaka ya 1950, likatengenezwa kwa miongo kadhaa na kutumiwa na majeshi ya nchi nyingi. Lina ekseli tatu, na zote zinaweza kuvuta. Matoleo yaliyoenea zaidi yana injini ya lita 7.8 iliyoundwa kuchoma dizeli pamoja na mafuta mengine kadhaa. Askari wa Marekani hulitaja kwa uwezo wake wa kubeba mzigo, tani mbili na nusu.

Jina hilo ndilo la kwanza kumpotosha mnunuzi. Tani mbili na nusu ni mzigo unaoruhusiwa nje ya barabara, kwa kipimo cha tani ya Kimarekani, sawa na kilo 2,270 hivi. Katika barabara nzuri lori hilo linaruhusiwa kubeba mara mbili ya hapo, yaani takriban kilo 4,500. Jeshi liliweka kiwango hicho kwa sababu lilijua kwamba mashimo na mawe hugeuza mzigo kuwa nyundo: kila gurudumu linapoanguka shimoni, springi na ekseli hupokea pigo lililo kubwa kuliko uzito wenyewe.

Mara nyingi askari, mahema, mablanketi na maboksi ya chakula huijaza bodi ya lori kabla hayajafikisha uzito huo. Mchanga hauko hivyo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa takriban tani 1.6, na ukilowa hukaribia tani mbili. Bodi yenye urefu wa mita 3.5, upana wa mita 2.2 na kina cha nusu mita inaonekana ndogo machoni, lakini ikijazwa mchanga mkavu hadi ukingoni itabeba zaidi ya tani sita. Mvua ikinyesha, zitakuwa zaidi ya saba. Lori la tani mbili na nusu litakuwa limebebeshwa karibu mara tatu ya kiwango chake cha nje ya barabara, na nje ya barabara ndiko machimbo ya mchanga yaliko.

Hesabu huzidi kubana kwa sababu vifaa vya tipa navyo vina uzito. Bodi ya chuma kinene, fremu ya pili, silinda, pampu na tangi la mafuta huweza kwa pamoja kuzidi uzito wa bodi ya zamani kwa mamia ya kilo. Kama nyongeza hiyo ni kilo 800, basi kilo 2,270 za nje ya barabara hubaki chini ya 1,500. Huo ni mchanga mkavu usiofika mita moja ya ujazo, sawa na matoroli kama kumi na tano. Katika barabara nzuri, lori hilohilo litabeba mita mbili na robo hivi.

Ndiyo maana fundi mwenye busara huanza kwa kulipima lori kwenye mizani likiwa tupu, ekseli moja baada ya nyingine, kisha huutoa uzito huo katika kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Baada ya hapo ndipo anapochora bodi. Ubavu wa bodi hukatwa kwa kimo ambacho mchanga hauwezi kuzidi uzito unaoruhusiwa hata kipakiaji kikikosea. Bodi fupi na yenye kina kidogo huonekana kama hasara, lakini ndiyo inayoliweka gari kazini kwa miaka.

Fremu iliyoundwa ijipinde

Jambo la pili ni chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Lori la jeshi la kupita porini huwa na boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukatiza, mfano wa ngazi. Fremu hiyo imeundwa makusudi ijipinde kidogo. Gurudumu moja la mbele linapopanda juu ya jiwe na la nyuma upande wa pili kuingia shimoni, fremu hujinyonga ili magurudumu yote yaendelee kukanyaga ardhi. Kwa sababu hiyo bodi ya mizigo ya kijeshi haikazwi kwa nguvu kila mahali, na mara nyingi bolti za mbele huwekewa springi ili bodi iachane kidogo na fremu panapokuwa na lazima.

Tipa linahitaji kinyume cha hayo. Bodi inapolala chini, uzito wa mchanga huenea katika urefu wote wa fremu. Inapoanza kuinuka, uzito wote huhamia sehemu mbili tu: pale silinda inaposukuma, na kwenye bawaba za nyuma. Fremu iliyozoea mzigo uliosambaa hukutana ghafla na mzigo uliorundikana. Ikiwa ni laini, itajipinda upande mmoja, na bodi iliyo juu itainama nayo.

Suluhisho ni kuweka fremu ya pili juu ya ile ya kwanza, yenye boriti zinazokwenda karibu urefu wote wa chasisi nyuma ya kabini. Ncha za mbele za boriti hizo hukatwa mshazari ili ugumu uongezeke polepole. Zikikatwa wima, mkazo wote hukusanyika mahali hapo, na baada ya miezi kadhaa mpasuko huanza kwenye fremu ya chini, nyuma tu ya kabini.

Namna ya kuziunganisha fremu hizo ina umuhimu wake. Kanuni ya wahandisi wa malori ni kutumia vibati na bolti kwenye ubavu wa boriti. Kutoboa matundu kwenye ukingo wa juu au wa chini wa boriti, au kuchomelea kwa kuukatiza ukingo huo, ni kupanda mbegu ya ufa, kwa kuwa kingo hizo ndizo zinazobeba mvutano mkubwa zaidi. Joto la kuchomelea hudhoofisha pia chuma kilichoimarishwa kiwandani kwa moto. Mshono huo huweza kuonekana mzuri na imara siku ya kwanza, kumbe chuma cha pembeni yake kimekwisha kulegea.

Bawaba nazo zina mahali pake. Zikiwekwa mbali nyuma ya ekseli ya mwisho, mchanga unaoteleza kwenda nyuma hugeuka kuwa uzito kwenye ncha ya mzani, na pua ya lori huinuka. Majeshi yenyewe yalilifahamu hilo. Katika malori ya tani tano ya Marekani ya familia ya M809, lori la mizigo, M813, lina inchi 179 kati ya ekseli ya mbele na kitovu cha ekseli mbili za nyuma. Tipa la familia hiyo, M817, lina inchi 167. Injini na gia ni zilezile, lakini fremu ilifupishwa kwa takriban sentimita 30. Mwenye kugeuza lori la mizigo bila kugusa urefu wake anafanya jambo ambalo waliolibuni hawakulifanya.

Nguvu ya mafuta

Kati ya hatua zote, ile inayowaogopesha wanunuzi ndiyo iliyo nyepesi zaidi kwa fundi. Nguvu ya kuinua bodi hutoka kwenye injini. Gia ndogo ya pembeni, inayofungwa ubavuni mwa giaboksi, huchota sehemu ya mzunguko na kuizungusha pampu. Pampu husukuma mafuta ya haidroliki hadi kwenye silinda, na pistoni hutoka nje ikiinua bodi. Malori ya jeshi yenye winchi mbele mara nyingi huwa tayari na gia ya namna hiyo, na hilo humpunguzia mnunuzi gharama.

Nguvu inayopatikana ni kubwa. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 15, ikisukumwa na mafuta yenye mgandamizo wa kilo 140 kwa kila sentimita ya mraba, husukuma kwa nguvu ya karibu tani 25. Lakini nguvu hiyo hutegemea silinda imeelekea wapi. Ikiwa imelazwa chini ya bodi kwa pembe ya nyuzi 15, robo tu ya nguvu yake ndiyo inayoinua, na iliyobaki huisukuma fremu kwa mlalo. Na hapo mwanzoni ndipo bodi inapokuwa nzito kuliko wakati wowote, kwa kuwa mchanga haujaanza kutoka. Kwa sababu hiyo matipa mengi yenye silinda chini ya bodi hutumia vyuma vya kukunjuka mfano wa mkasi, vinavyoibadilisha pembe hiyo. Mengine huisimamisha silinda ya vipande vinavyochomozana nyuma ya kabini, mahali ambapo huinua moja kwa moja.

Mfumo huo hauna budi kuwa na vali ya kupunguza mgandamizo, ambayo huyarudisha mafuta kwenye tangi mzigo unapozidi uwezo. Mtu anayeikaza vali hiyo ili bodi iliyojazwa kupita kiasi iinuke, huwa ameondoa mlinzi wa mwisho wa fremu yake.

Bodi ikiwa juu

Ajali mbaya za matipa hutokea lori likiwa limesimama. Mchanga wenye maji au udongo wa mfinyanzi haumwagiki sawasawa. Huweza kung'ang'ania upande mmoja wa bodi wakati upande wa pili umekwisha kuwa mtupu, tena ukiwa mita kadhaa juu ya ardhi. Ikiwa lori limesimama penye mteremko wa ubavuni, au tairi moja la nyuma limezama kwenye kifusi kibichi, gari zima hupinduka. Lori la jeshi huingia katika hatari hiyo likiwa na upungufu wake wa asili: limeinuliwa juu ili lipite mitoni, na kwa hiyo kitovu cha uzito wake kiko juu hata kabla bodi haijanyanyuka.

Kanuni zinazofuatwa katika machimbo ni chache na zinaeleweka. Lori humwaga mahali palipo tambarare na pagumu. Hakuna anayesimama ubavuni wakati bodi inapanda. Dereva hutazama juu kwanza, kwa kuwa bodi iliyoinuliwa huweza kufikia nyaya za umeme. Na lori haliondoki hadi bodi ishuke kabisa. Taa ya tahadhari kwenye kabini, inayowaka bodi ikiwa juu, ni kifaa cha bei ndogo ambacho wageuzaji wengi hukisahau.

Hatari nyingine humngoja fundi mwenyewe. Bodi iliyoinuliwa hushikiliwa na mafuta yaliyomo katika mpira mmoja au miwili. Mpira ukipasuka, au mtu akigusa mkono wa vali ndani ya kabini, bodi hushuka kwa nguvu isiyozuilika. Kwa hiyo kila tipa linatakiwa kuwa na nguzo ya chuma ya kuizuia bodi, iliyofungwa kwenye fremu ili isipotee, na hakuna anayepaswa kuingiza hata mkono chini ya bodi kabla nguzo hiyo haijasimamishwa. Nguzo hiyo ni kwa ajili ya bodi tupu tu. Bodi yenye mzigo haifanyiwi kazi chini yake kwa namna yoyote.

Breki ndizo zenye neno la mwisho

Jambo la tatu ni breki, na hapa umri wa malori hayo hujitokeza. Katika malori ya M35 yaliyoenea zaidi, upepo huongeza nguvu ya mguu wa dereva, lakini kinachoyafikia magurudumu ni mafuta yanayopita katika njia moja tu. Paipu moja ikitoboka, au silinda moja ya gurudumu ikivuja, breki za magurudumu yote hupotea kwa pamoja. Breki ya mkono nayo haishiki magurudumu, bali hushika shafti inayotoka katika giaboksi ya kugawa nguvu. Shafti hiyo ikikatika, hubaki haina inachokizuia. Wamiliki wenye tahadhari huugawa mfumo huo katika njia mbili zinazojitegemea, na hubadilisha mipira yote ya breki bila kujali inavyoonekana, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama ghalani. Hali ni hiyohiyo kwa matairi: maili chache kwenye mita si ushahidi wa uzima wake.

Malori mapya zaidi hayakusalimika na tatizo la breki. Familia ya M939, malori ya tani tano ya Marekani ya miaka ya 1980, ilikuja na breki kamili za upepo. Lakini magurudumu yake yalikuwa yakijifunga dereva akikanyaga kwa nguvu kwenye barabara yenye maji, na lori likateleza au kupinduka. Mwaka 1999 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichapisha ripoti kuhusu usalama wake. Jeshi liliwawekea madereva kikomo cha maili 40 kwa saa, na likaamua kuyafunga malori hayo mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Mnunuzi wa lori la aina hiyo anapaswa kujua iwapo lake lilifanyiwa marekebisho hayo kabla halijauzwa.

Sheria na mipaka

Kuna pia swali la iwapo lori hilo litaruhusiwa kufanya kazi. Nchini Marekani magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi hayakulazimika kutimiza viwango vya usalama vya magari ya kiraia, na kila jimbo lina utaratibu wake wa kuyasajili au kuyakataa. Nchini Uingereza, mwenye kubeba mizigo kibiashara kwa lori lenye uzito kamili wa zaidi ya tani 3.5 kwa kawaida huhitaji leseni ya mwendeshaji, na gari hutakiwa kupita ukaguzi kila mwaka. Katika nchi zote mbili bima kwa kawaida ni sharti la kuingia barabarani, na kampuni ya bima huweza kudai kujua nani aliyeligeuza gari na kwa hesabu zipi.

Kwa anayefikiria kulisafirisha lori hilo hadi Afrika Mashariki, kikwazo ni umri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka minane, na kwa kawaida haisajili yenye usukani wa kushoto, kama yalivyo malori ya jeshi la Marekani. Uganda ilipiga marufuku magari ya zaidi ya miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania huyatoza magari ya zamani ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Tena, lori la kijeshi hata lisilo na silaha huweza kuhitaji kibali cha kutoka katika nchi linakonunuliwa. Anayelipa mnadani kabla ya kuuliza bandarini huweza kujikuta na lori lisiloweza kufika kwao.

Njia fupi

Baada ya hesabu zote hizo, wengi hugundua kwamba njia rahisi zaidi ilikuwa mbele yao tangu mwanzo. Majeshi nayo hujenga barabara na kuchimba mahandaki, na yana matipa yake. Tipa la M342 lilijengwa katika familia ya M35, M817 katika ile ya M809, na M929 katika ile ya M939. Matipa hayo yalitoka kiwandani yakiwa na fremu, jeki na bodi vilivyopimwa pamoja, na nayo hufika mnadani. Bei yake huwa juu kuliko ya lori la mizigo, lakini tofauti hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko gharama za chuma, silinda na siku za fundi.

Kwa ambaye tayari ana lori la mizigo uani mwake, kazi bado inawezekana, mradi ifuate mpangilio wake. Kwanza breki, kisha mizani, kisha fremu, na jeki mwishoni. Atakayeanza na jeki atapata bodi inayoinuka tangu siku ya kwanza, lakini hatajua lori lake linastahimili nini mpaka siku litakapokuwa limejaa mchanga na kuuelekea mteremko.